Mnunuzi mmoja sio soko, muulizeni Jean-Louis Gassée

Steve Jobs kila mtu anamjua. Aliyekabidhiwa timu yake ya kompyuta za Macintosh (Mac) pale Apple mwaka 1985, Mfaransa anaitwa Jean-Louis Gassée, ukimtaja mbele ya vijana wa teknolojia hapa Dar wanakutolea macho tu, wakati kwa mtu anayejenga kakampuni kake akitegemea siku moja kaje kanunuliwe, mimi naona huyu mzee ana la kukufundisha kuliko Jobs. Jobs huwezi kumuiga, tusidanganyane. Gassée unaweza, na pale alipojikwaa unaweza kupita pembeni.

Nimpitishe haraka haraka. Kazaliwa Paris 1944, mwaka 1968 akaingia Hewlett-Packard (HP), enzi hizo wanauza HP 9100A, dude la mahesabu la kuweka mezani, zito kama begi la safari. Baadaye akaongoza kampuni ya kompyuta ya Data General upande wa Ufaransa, halafu 1981 akaenda kuanzisha Apple Ufaransa, na tawi lake likaja kuwa soko kubwa kuliko yote ya Apple nje ya Marekani. Hapo simama kidogo uangalie, jamaa kabla hajagusa utengenezaji wa kitu chochote alikuwa kashauza mashine za watu wengine zaidi ya miaka kumi. Watu wengi mnaotaka kuhama kazi za umeneja mje kuwa wawekezaji mnaruka hiyo hatua, unakuta mtu hajawahi kumuuzia mteja hata kifurushi kimoja ila anataka kukagua mpango wa biashara wa mwenzake.

Mwaka 1985 Jobs alikuwa anapanga kumng'oa bosi wake, mkurugenzi wa Apple John Sculley, wakati Sculley akiwa safarini China. Gassée akasikia, akamwambia Sculley. Sculley hakusafiri, Jobs akapoteza, na Gassée akapewa Macintosh. Kama hiyo ni fitina au ni uaminifu kwa kampuni mtabishana wenyewe vijiweni. Alitaka Mac ifunguke, watu waweze kuchomekea kadi zao ndani, mpaka gari lake aliliwekea namba iliyosomeka OPENMAC, na Macintosh II ya 1987 ikatoka hivyo. Ila alikuwa pia muumini wa bei ya juu na faida nene, na mwishoni mwa miaka ya themanini hiyo imani ikaanza kuwaumiza sokoni. Mwaka 1990 akaondoka. Wafanyakazi wake waliandamana na mabango pale ofisini wakitaka abaki, jambo ambalo kwa bosi anayeondoka sijawahi kuliona kwa macho yangu.

Akaanzisha Be pamoja na injinia Steve Sakoman. Walijenga kompyuta yao, BeBox, ikatoka 1995 na prosesa (ubongo wa kompyuta) mbili ndani wakati kompyuta za nyumbani zilikuwa na moja, na juu yake mfumo endeshi wao BeOS, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta nzima, mwepesi kwelikweli, unafungua video kadhaa kwa mpigo na mashine haikwami. Hadwea haikuuzika. Ila mfumo ulisifiwa na kila aliyeugusa.

Sasa tufike 1996, hapa ndipo nataka tukae. Apple ilikuwa hoi. Mfumo wao mpya waliokuwa wanaujenga, Copland, ulishindikana na mkurugenzi Gil Amelio akaamua bora anunue wa nje. Be walikuwa palepale California, wameanzishwa na watu waliotoka Apple, mfumo wao unafanya kazi kwenye prosesa zilezile za Mac. Yaani dili limekaa mdomoni. Kwa ilivyoripotiwa, Apple walikuwa tayari kufika kama dola milioni 125 hivi, Gassée akawa anataka karibu milioni 300. Na hesabu yake ukiitazama alivyokuwa anaiona yeye ilikuwa na mantiki kabisa: hawa watu wako taabani, mfumo wao umekufa, mfumo wetu ndio unaowafaa, wataenda wapi?

Wakaenda kwa NeXT, kampuni ambayo Jobs aliianzisha baada ya kutoka Apple. Na mlango wenyewe haukufunguliwa na Jobs, ulifunguliwa na mfanyakazi wa ngazi ya kati pale NeXT aliyesikia Apple inatafuta mfumo, akanyanyua simu akapiga. Basi.

Desemba 1996 kampuni zote mbili zikaitwa hoteli moja Palo Alto, kila mmoja aje ajieleze. Jobs alikuja na injinia wake Avie Tevanian, wakaonyesha kompyuta inafanya nini, wakaifungulia video moja juu ya nyingine, wakajibu kila swali kama vile hawajawahi kukutana na hao watu. Gassée alikuja bila onyesho jipya lolote. Akasema BeOS mnaijua tayari, kama kuna maswali ulizeni. Siku chache baadaye Apple ikatangaza kuinunua NeXT, bei ikaja kuwa kama dola milioni 429. Ndio, soma tena. Waliokataa kutoa 300 wakatoa zaidi ya 400 kwa mwingine! Kwa hiyo hela ilikuwepo, ila imani ya kwamba Be ina thamani hiyo ndio haikuwepo, sababu mfumo wa NeXT ulikuwa umeshatumika na wateja wakubwa kwa miaka wakati wa Be bado ulikuwa mbichi.

Niwaambie kwa nini hii stori inanigusa. Kabla sijaanza kuweka vihela vyangu kwenye biashara za vijana nilikuwa meneja kwenye kampuni fulani ya usambazaji hapa mjini, na kuna kipindi tulitaka kununua mfumo wa stoo na mauzo uliotengenezwa na vijana watatu, sio leseni, tulitaka tuuchukue wote na wao waingie kwenye ajira. Nilikuwa upande wa mnunuzi, nikakaa vile vikao vyote. Vijana walipenyezewa habari kwamba mkurugenzi kaupenda mfumo mno (na kweli aliupenda) basi kikao kilichofuata wakaja na bei karibu mara mbili ya ile tuliyoanza nayo, wanaongea kwa kujiamini, wamevaa suti. Hawakujua kwamba kwenye laptopu ya mhasibu mkuu kulikuwa na faili la Excel lenye safu tatu. Ya kwanza ni wao. Ya pili ni mfumo uliotengenezwa India, unalipiwa kwa mwezi, mbaya kwa sura lakini unatoa risiti na ripoti za kodi. Ya tatu ni kuajiri waprogramu wawili na kusubiri mwaka mmoja. Vijana walipotoka nje mkurugenzi hakugomba wala hakucheka, akamgeukia mhasibu akasema, "Mama, hebu nisomee ile safu ya pili." Dili likafia hapo. Wale vijana mpaka leo nikikutana nao wanaamini tulibadilisha mawazo kwa sababu ya siasa za ofisini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeongea na mnunuzi sio "panga bei nzuri". Ni hivi, kabla hujataja namba yoyote lijaze lile faili la Excel wewe mwenyewe. Siku wakikukosa watafanya nini? Uliza watu wa chini, sio wakubwa. Yule dada wa stoo anajua ni kampuni gani nyingine ilikuja wiki iliyopita kuonyesha mfumo, mhasibu anajua bajeti, mlinzi anajua wageni wa nani walipaki pale nje. Ukishajua safu ya pili ina gharama gani kwao, muda wa kusubiri ukiwemo, ndio unajua bei yako inaweza kufika wapi. Jasho lako na miaka uliyokesha haviingii kwenye faili lao, samahani lakini ndivyo ilivyo.

Na kikao cha mwisho nenda nacho kama cha kwanza. Onyesha tena. Walete wateja wanaotumia. Kwenye meza ya mwisho huwa kuna watu ambao hawakuwepo mwanzo, mjumbe wa bodi, mwanasheria, mtu wa fedha, na hao ukiwaambia "mnatujua tayari" ndio umewaambia hawana umuhimu.

Tuendelee na mzee wetu maana hakufa. Be iliendelea, 1998 wakauhamishia BeOS kwenye kompyuta za Intel, 1999 wakaingia soko la hisa. Tatizo ni kwamba watengenezaji wa kompyuta walikuwa wamefungwa na mikataba ya Microsoft, kiasi kwamba hata aliyekubali kuiweka BeOS kwenye mashine alishindwa kuiweka mtumiaji aione pale anapowasha. Mwaka 2001 mali za Be zikauzwa kwa Palm, kampuni ya kompyuta za mkononi, kwa dola milioni 11. Wakaishtaki Microsoft 2002, na 2003 wakamalizana nje ya mahakama kwa dola milioni 23.25, yaani kesi iliingiza zaidi ya mara mbili ya iliyoingizwa na bidhaa yenyewe ilipouzwa. Na mfumo wenyewe una mrithi mpaka leo, kuna watu wa kujitolea wanatengeneza Haiku, programu huria inayofuata nyayo za BeOS. Miaka mingi baadaye Gassée alipoulizwa kuhusu lile dili la Apple alijibu kwamba anashukuru halikutokea maana uongozi wa Apple wa wakati ule hakuupenda kabisa. Mimi namwamini nusu.

Mwaka 2003 akavuka meza, akawa mbia kwenye Allegis Capital, mfuko wa uwekezaji wa kulekule Palo Alto. Hapa nawageukia nyie mnaotafuta hela, maana mtu wa mfuko lazima umwelewe anavyolipwa ndio uelewe ushauri wake. Hela sio zake zote. Anakusanya kwa mifuko ya pensheni, vyuo, matajiri, kwa kawaida anakata kama asilimia 2 kwa mwaka ya kuendeshea ofisi na karibu asilimia 20 ya faida itakayopatikana, na mfuko una umri, mara nyingi miaka kumi. Kampuni nyingi alizowekea zitakufa kwa hiyo anahitaji moja au mbili zilipe hasara ya zote. Ndio maana ukimletea habari ya ofa ndogo, ambayo kwako wewe ni nyumba Kigamboni na ada za watoto, yeye anakwambia vuta subira. Hana roho mbaya, hesabu yake tu sio hesabu yako.

Na kuna kitu kinaumiza kuliko bei yenyewe, mpangilio wa nani anaanza kulipwa. Chukua mfano wa kubuni, umepewa dola 400,000 kwa asilimia 20 ya kampuni, na kwenye karatasi ya masharti kuna kifungu kwamba mwekezaji anarudishiwa mtaji wake kwanza halafu anagawana na wengine kilichobaki. Kampuni ikiuzwa 600,000 wewe kichwani unapiga asilimia 80, unaona 480,000. Kumbe zinatoka 400,000 kwanza, zinabaki 200,000, humo anachukua asilimia 20 yake ambayo ni 40,000, nyie waanzilishi wote mnagawana 160,000. Sasa wewe unayegombana na mnunuzi aongeze elfu hamsini, ulishakisoma hicho kifungu? Nimekutana na vijana wanajua thamani ya kampuni yao mpaka senti ya mwisho ila ukiwauliza mfukoni kwao itaingia ngapi wanatazamana.

Mwekezaji aliyewahi kuanzisha kampuni yake kama Gassée ana faida moja, hesabu hiyo anaweza kukuchorea mwenyewe kwenye kitambaa cha karatasi mkiwa mnakunywa kahawa, sababu alishakaa upande wako. Ukikutana na wa hivyo mwombe akuchoree. Akikwepa, mtafute mwanasheria kabla ya kalamu.

La mwisho, ulizia unalipwa kwa kitu gani. Palm waliilipa Be kwa hisa zao, na hisa za kampuni za teknolojia mwaka 2001 zilikuwa zinaporomoka kila kukicha. Jobs naye sehemu yake ya NeXT alipewa hisa milioni 1.5 za Apple, na 1997 aliziuza zote akabakiza moja, tena akiwa ameshaingia ndani ya jengo na anajua hali ilivyo. Kwa hiyo ukiambiwa utalipwa hisa, uliza unaruhusiwa kuziuza lini, nani atazinunua, na mpaka siku hiyo mishahara ya vijana wako inalipwa na nani, na majibu yote yaandikwe kwenye mkataba.