Uzamili wa utafiti kwenye siasa na uhusiano wa kimataifa: mada unayo, swali bado

Mkuu, umeuliza mambo mawili: uchukue uzamili wa tasnifu tupu au ule wa masomo na tasnifu, na kama mada yako, "Nafasi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki katika kuleta amani mashariki mwa Kongo", itapita.

La kwanza halina maneno mengi. Kwenye tasnifu tupu hakuna anayekufundisha mbinu za utafiti. Ni wewe, msimamizi na maktaba. Kama hujawahi kufanya mahojiano ukayachambua mpaka mwisho, chukua wa masomo na tasnifu. Kama unalenga uzamivu na umeshaamua tasnifu tupu, omba kukaa kwenye darasa la mbinu la wenzako hata bila kuhesabiwa alama. Muhula mmoja wa darasa hilo unakuepusha na kuandika upya sura ya mbinu mara tatu.

La pili ndilo lenye kazi. Mada hiyo huenda ikapita idarani, na hapo ndipo ninapokuonea wasiwasi, maana ndani yake hamna swali. Ukiandika "nafasi ya" kitu fulani, utaorodhesha Jumuiya ilifanya nini, ikakumbana na changamoto gani, kisha mapendekezo kumi. Mtahini wa nje atafungua ukurasa wa kwanza na kuuliza ulikuwa unatafuta nini ambacho watu hawakijui. Utakosa la kumjibu, na wakati huo umeshatumia miaka miwili.

Tafuta jambo lisiloingia akilini kirahisi. Kwenye eneo lako lipo, tena kubwa. Kongo (ile ya Kinshasa) ilijiunga na Jumuiya hiyo, yaani EAC, mwaka 2022. Novemba mwaka huohuo wanajeshi wa Kenya wakatua Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kama kikosi cha EAC dhidi ya vita vya waasi wa M23, baadaye wakaja wa Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Kinshasa, yaani serikali ya Kongo, ikakataa kuongeza muda, Desemba 2023 kikosi kikaondoka, na mwezi huohuo wanajeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakaanza kuingia. Mwanachama mpya anakitoa kikosi cha jumuiya aliyojiunga nayo juzi, anaita cha jumuiya nyingine. Kwa nini? Hilo sasa ni swali. Ukitaka la nyumbani zaidi: Tanzania imo kwenye jumuiya zote mbili, haikupeleka askari kwenye kikosi cha EAC, ikapeleka kwenye kile cha SADC pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Kwa nini kule na siyo huku? Hili peke yake linajaza tasnifu.

Ukishapata swali, usikimbilie kuandika. Andika kwanza majibu yanayoweza kushindana. Kwa swali la Kinshasa mimi naona manne: kwamba walitaka kikosi cha kupigana na M23 wakapata cha kusimama katikati; kwamba hawakuiamini EAC kwa sababu Rwanda, wanayoituhumu kuisaidia M23, ni mwanachama wake; kwamba walikumbuka mwaka 2013, M23 iliposhindwa kwa msaada wa askari wa nchi za SADC; na kwamba Rais Tshisekedi alikuwa anakwenda kwenye uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Chini ya kila jibu andika: kama hili ni kweli, ningetarajia kukuta ushahidi gani, wa tarehe gani, na wapi? Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko kurasa thelathini za mapitio ya machapisho.

Tazama tarehe zinavyofanya kazi. Wakuu wa SADC waliidhinisha kikosi chao kwenye mkutano wa Windhoek, Namibia, tarehe 8 Mei 2023, miezi saba kabla ya kikosi cha EAC kuondoka. Mwezi huohuo Tshisekedi, akiwa Botswana, alikilalamikia kikosi cha EAC hadharani. Kwa hiyo joto la kampeni za mwishoni mwa mwaka haliwezi kubeba maelezo yote. Anayeshikilia hoja ya uchaguzi itabidi alete ushahidi wa kabla ya Mei. Hoja ya 2013 nayo inapata nguvu: brigedi iliyoundwa na azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ile iliyosaidia kuishinda M23 mwaka huo, ilikuwa ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Nchi zilezile tatu. Lakini nguvu siyo uthibitisho. Bado unahitaji mtu wa Kinshasa, au hati ya wakati ule, inayoonyesha kwamba mwaka 2013 ulitajwa pale uamuzi ulipokuwa unafanywa.

Fungua jedwali la safu nne: tarehe, tukio, chanzo, linaunga au linapinga jibu lipi. Matamko ya mikutano yasome neno kwa neno, hasa vitenzi. Mkutano "umebaini", "umehimiza" au "umeagiza"? Tofauti ni kubwa. Chukua tamko la mkutano wa Luanda, Angola, la tarehe 23 Novemba 2022: M23 isitishe mapigano kuanzia tarehe 25 na kuondoka maeneo iliyoyateka, ikikaidi, viongozi wa EAC waruhusu nguvu itumike kuilazimisha. Weka kando yake kilichotokea Kibumba, karibu na Goma, mwezi uliofuata, ambako kikosi kilikabidhiwa eneo na M23 wenyewe bila vita. Pengo kati ya karatasi na uwanja ndilo sura yako ya nne. Kisha soma ripoti za Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo. Zipo wazi mtandaoni, ile ya Juni 2023 ni S/2023/431. Nakili namba ya hati na ya aya siku hiyohiyo unayosoma. Kuzitafuta namba mwezi wa mwisho ni mateso.

Vibali huangusha wengi kwa sababu wanavifikiria mwishoni. Ukisoma chuo cha Tanzania, barua ya chuo ndiyo inayokupeleka kwa Katibu Mkuu wa wizara au Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakushusha wilayani. Aliyesajiliwa chuo cha nje anapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania. Zanzibar ina utaratibu wake. Kibali cha bara usikichukulie kuwa kinatosha. Kenya unaomba leseni NACOSTI, tume yao ya sayansi, kwa mtandao, na wanadai idhini ya kamati ya maadili iliyopatikana kabla. Tenga miezi mitatu kwa haya yote, na wakati unasubiri fanya kazi ya nyaraka za wazi. Goma usiiweke kwenye andiko lako: tangu Januari 2025 iko mikononi mwa M23 na kamati ya maadili itakukatalia, kwa haki. Utafiti huu unafanyika Arusha kwenye Sekretarieti ya EAC, Dar es Salaam, Nairobi, na kwa simu Gaborone, yaliko makao ya SADC, na Kinshasa. Kifaransa cha kusoma utakihitaji. Kiswahili kitakusaidia kwa Wakongo wa mashariki, ila zoea kwanza lahaja yao. Maneno mengine hayana maana unayoidhani.

Mahojiano 15 hadi 25 yanatosha kama watu ni wale waliokuwa karibu na uamuzi. Wastaafu wa ubalozi na jeshi husema zaidi kuliko walio kazini. Peleka barua ya ukurasa mmoja na maswali matano. Usimuulize balozi "nini nafasi ya EAC", atakusomea hotuba. Muulize: "Tarehe 8 Mei, kabla ya Windhoek, nyinyi mlikuwa mnategemea nini?" Swali lenye tarehe linamrudisha mtu kwenye kumbukumbu. Akikataa kurekodiwa, andika usichelewe, usiku huohuo. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika, kwa hiyo hesabu muda wako vizuri. Mahojiano ya Kiswahili yachambue kwa Kiswahili, tafsiri nukuu utakazotumia tu. Na ukimficha mtu, mfiche kweli: "afisa mwandamizi wa kitengo fulani, Arusha" siyo kumficha kama kitengo kina watu watatu.

Msimamizi akikwambia uongeze madodoso 100 "ili kuwe na takwimu", mweleze kwa heshima kwamba madodoso ya wanafunzi yatakupa maoni ya wanafunzi, hayatasema Kinshasa iliamua nini. Maoni ya wananchi yakihitajika kweli, data za Afrobarometer, mtandao unaokusanya maoni ya wananchi Afrika, ni za bure na sampuli yake huwezi kuifikia peke yako.

Kuhusu nadharia, kosa la kawaida ni kueleza uhalisia, uliberali na ukonstraktivisti kurasa ishirini, kisha zisionekane tena mpaka hitimisho. Chagua zile zinazotabiri majibu tofauti kwenye ule ukurasa wako wa majibu manne. Nadharia isiyogusa jedwali lako iache, hata kama kila tasnifu ya idarani inayo.

Muda: kwa miezi 24, andiko la utafiti na vibali visizidi miezi minane, ukusanyaji sita, uchambuzi na uandishi saba, mitatu ya mwisho uwaachie watahini na marekebisho. Mpe msimamizi sura moja moja, kila moja na barua fupi ya kusema unataka aangalie nini. Ukimpa kurasa 150 kwa mkupuo zitalala mezani. Kwenye utetezi jiandae kwa swali moja hasa: ni ushahidi gani ungekufanya ubadili jibu? Lile jedwali lina jibu lake, nenda nalo likiwa limechapwa.

Kwa sasa rudi hapa na swali lako kwa sentensi moja, majibu yanayoshindana, na hati tano zenye tarehe. Tukiviona hivyo tutakwambia kama kazi inabebeka kabla hujaenda kwa msimamizi.