Kujitoa kwenye nyumba ya likizo ya zamu

Pole sana, ndugu. Nimekuelewa: ulisaini mkataba wa kumiliki nyumba ya likizo kwa zamu, wiki moja kila mwaka. Sasa huitumii, ada ya matunzo inazidi kupanda, na hujui pa kutokea.

Kwanza angalia tarehe uliyosaini. Kama ni juzijuzi tu, acha kila kitu uandike barua ya kujitoa leo. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zinakupa siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu; jimbo la Florida, Marekani, ni siku 10. Barua hiyo itume kwa njia na anwani iliyotajwa kwenye mkataba, kwa rejista, na utunze risiti. Simu haitoshi, hata muuzaji akikuambia "usijali, tumeshafuta".

Muda ukiwa umepita, iandikie kampuni yenye nyumba hiyo uulize kama wanakubali kurudishiwa umiliki. Baadhi hukubali, hasa ukiwa umemaliza mkopo wa kununulia zamu hiyo na hudaiwi ada. Kuuza jaribu, ila usitegemee kurudisha fedha zako. Zamu nyingine hata bure hazipati mtu.

Nakusihi sana: akikupigia mtu akidai ana mnunuzi tayari, ila utangulize malipo, mkatae. Hao huwamaliza watu waliokwisha kuumizwa. Wala usiache kulipa ada kimyakimya, deni linaweza kufika mahakamani. Kama ulidanganywa wakati wa kuuziwa, mpelekee mkataba wakili asiyehusiana na kampuni hiyo kabla hujasaini karatasi nyingine yoyote.