Mwarabu ni nani? Maswali yenu na majibu

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba mwalimu aliyenifundisha sarufi ya Kiarabu nilipokuwa kijana kule Kairo alikuwa Mkristo. Nilisema kwa kupita tu. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na karibu zote zinazunguka jambo moja. Nimechagua sita.

Nabishana na mwenzangu kazini. Anasema Mwarabu na Mwislamu ni kitu kimoja. Ni kweli? (Msomaji wa Morogoro)

Si kweli. Tazama nchi zenye Waislamu wengi kuliko zote: Indonesia, Pakistan, India, Bangladesh. Hakuna hata moja ya Kiarabu. Wairani ni Waajemi na Waturuki ni Waturuki, kila mmoja na lugha yake. Waarabu wote ukiwakusanya hawafiki robo ya Waislamu wa dunia. Tena jina lenyewe ni kongwe kuliko dini. Katika jiwe la mfalme wa Ashuru aliyepigana vita vya Qarqar mwaka 853 KK, limeandikwa jina la Gindibu Mwarabu, aliyekuja vitani na ngamia 1,000. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Mtume kuzaliwa.

Hao Waarabu Wakristo walitoka wapi? Walibatizwa na wamisionari wa Ulaya? (Msomaji wa Bukoba)

La hasha. Ukristo wao ni wa zamani kuliko makanisa mengi ya Ulaya. Katika karne ya 6 wafalme wa ukoo wa Ghassan, Waarabu waliotawala mipaka ya Shamu kwa niaba ya Warumi wa Konstantinopoli, walikuwa Wakristo. Wajukuu wa imani ile wapo hadi leo Lebanon, Syria, Palestina, Jordan na Iraq, na wakisali wanamwita Mungu “Allah”, kwa kuwa ndilo jina la Mungu katika lugha yao. Lebanon, kwa makubaliano ya mwaka 1943, rais huwa Mkristo wa kanisa la Wamaroni.

Na si watu wa pembeni. Karne ya 19, Kiarabu kilipokuwa kinatafuta njia ya kusema mambo ya zama mpya, Butrus al-Bustani wa Lebanon, Mkristo, alikitungia kamusi kubwa na kuanza ensaiklopidia. Chama cha Baath, kilichohubiri umoja wa Waarabu wote, mmoja wa waasisi wake ni Michel Aflaq, mtoto wa familia ya Kiorthodoksi ya Damascus.

Lakini niseme na upande wa pili, kwa kuwa ndio uliokuwa darasani mwangu. Yule mwalimu wangu alikuwa Mkopti, yaani Mkristo wa kanisa la kale la Misri. Alikijua Kiarabu kuliko masheikh wengi niliokaa nao baadaye. Siku moja nilimsifu, “Ninyi Waarabu mna lugha tamu.” Akaniweka sawa kwa upole: yeye si Mwarabu, ni Mmisri, na wazee wake walisema Kikopti kabla Kiarabu hakijafika Mto Nile. Wako Wakopti wanaojiita Waarabu bila shida. Yeye hakutaka, na sikuona mtu yeyote mwenye haki ya kumlazimisha.

Basi kama si dini, ni lugha. Anayesema Kiarabu ndiye Mwarabu. Nimekosea? (Msomaji wa Kampala)

Hujakosea sana. Sati' al-Husri, aliyesimamia elimu Iraq katika miaka ya 1920, alifundisha hivyohivyo: kila ambaye Kiarabu ni lugha yake ni Mwarabu, atake asitake. Yeye mwenyewe alilelewa katika Kituruki, na nadhani ndiyo sababu aliona nguvu ya lugha ambayo wengine waliizoea wakaacha kuiona. Mtu wa Moroko akisema lahaja ya kwao, mtu wa Iraq atatoka patupu. Wakikutana katika Kiarabu cha vitabu na redio, wanaelewana. Hakuna kingine kinachowashika pamoja kwa umbali ule. Ukinibana niseme nguzo ni ipi, nitasema lugha.

Ila “atake asitake” ndipo ninapomwacha al-Husri. Mamilioni ya Waamazigh (Waberberi) wa Algeria na Moroko, wenyeji wa huko tangu kabla ya Waarabu, wanasema Kiarabu kila siku na bado ni Waamazigh. Lugha yao imetambuliwa kuwa rasmi Moroko mwaka 2011 na Algeria mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya kudai. Watu wa Malta lugha yao imezaliwa na Kiarabu kabisa, wanaiandika kwa herufi za Kirumi, ni Wakatoliki, na Uarabu hawaudai.

Na wewe uliye Kampala huna haja ya kwenda mbali. Nenda Bombo. Wanubi wa pale, kama ndugu zao wa Kibera, ni wazao wa askari waliotoka Sudan. Kinubi chao kimejengwa kwa maneno ya Kiarabu na wao ni Waislamu. Lugha ipo, dini ipo. Waulize kama ni Waarabu. Watakujibu kwamba wao ni Wanubi.

Somalia na Komoro zimo katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Kwa nini, na watu wake hawasemi Kiarabu nyumbani? (Msomaji wa Dodoma)

Kwa sababu jumuiya ile ni ya serikali. Iliundwa Kairo mwaka 1945, leo ina wanachama 22. Somalia iliingia 1974, Jibuti 1977, Komoro 1993. Udugu wa dini, biashara ya bahari na haja ya marafiki wenye uwezo vilitosha kufungua mlango. Msomali amebaki Msomali, na Mngazija bado anaamkia kwa Kingazija.

Babu mzaa baba alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut akafungua duka Lamu. Bibi ni Mbajuni, mama ni Mgiriama. Kiarabu changu ni cha sala tu. Mtaani naitwa Mwarabu. Binamu zangu wa Yemen wakinipigia simu wananicheka. Mimi ni nani? (Msomaji wa Malindi)

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwa hesabu ya Waarabu wenyewe, nasaba hufuata baba. Ukienda kwa kipimo hicho wewe ni Mwarabu, na bibi na mama hawapunguzi kitu. Wahadhrami wana hata jina la mtu kama wewe: muwallad, aliyezaliwa ugenini kwa mama wa huko. Hao binamu wanaokucheka wanalijua, na huenda ndilo linalowachekesha.

Lakini nasaba peke yake haijawahi kutosha. Antara bin Shaddad, mshairi wa kabla ya Uislamu, baba yake alikuwa Mwarabu wa kabila la Abs na mama yake, Zabiba, alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Damu ya baba alikuwa nayo, na Kiarabu chake kilishinda cha wote. Hata hivyo masimulizi yanasema baba hakumkubali kuwa mwana mpaka kabila lilipovamiwa na upanga wake ukahitajika. Leo shairi lake ni miongoni mwa Muallaqat, yale mashairi makuu ya kale. Pana jambo la tatu zaidi ya lugha na ukoo, nalo ni kukubaliwa na watu.

Pwani yetu hilo la kukubaliwa liliingiliwa na serikali. Mkoloni alipanga kodi na haki kwa rangi: Mwarabu juu kidogo, Mswahili chini. Watu wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walihangaika miaka mingi wahesabiwe pamoja na Waarabu. Zanzibar, sensa ya 1924 ilikuta Waswahili kwa maelfu; ya 1931 jina hilo lilikuwa karibu limefutika. Watu hawakufa. Walijiandika kwa majina mengine. Kisha katika mapinduzi ya Januari 1964 jina lilelile lililokuwa ngao likawa la kumponza mtu. Waliokimbilia Oman, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, waliitwa huko Wazanjibari, na Kiswahili chao kinasikika mpaka leo katika nyumba za Muscat. Huku walikuwa Waarabu, kule wakawa watu wa Zanzibar.

Kwa hiyo usione aibu kuwa na majibu mawili. Nimehudhuria harusi ambako wazee wanataja mababu saba bila kukwama, na bibi hatajwi hata mmoja. Linaniuma kila mara. Ukiulizwa wewe ni nani, mtaje babu wa Hadhramaut, na Mbajuni na Mgiriama uwataje kwa majina yao vilevile. Na kama binamu wanakuudhi, jifunze Kiarabu. Mwaka mmoja tu utawanyamazisha.

Mwanangu wa darasa la sita ameambiwa “ustaarabu” ni kuwa kama Mwarabu. Ameniuliza: asiye Mwarabu si mstaarabu? (Msomaji wa Tanga)

Asili ya neno ni hiyo kweli. Kwa Kiarabu, istaaraba ni kuingia katika Uarabu, kujifanya Mwarabu. Wazee wa pwani walikuwa na neno lao, uungwana, na ustaarabu ulilisukuma pembeni katika karne ya 19, masultani wa Oman walipokuwa na nguvu. Mimi darasani bado natumia uungwana.

Ila mtoto mpe na hili. Wataalamu wa nasaba wa Kiarabu huwagawa Waarabu mafungu mawili: wa Qahtan, Waarabu wa asili, na wa Adnan, waitwao mustaariba, yaani waliostaarabika. Maquraishi, kabila la Mtume, wamo katika fungu la pili, kwa babu yao Ismail. Na katika hadithi ya Bukhari, Ismail, mtoto wa mgeni, alijifunza Kiarabu kwa watu wa Jurhum waliokuja kupiga kambi penye maji ya Zamzam.