Kwa anayeanza kutazama picha za kale za viwanja vya miji

Vijana wanaokuja kujifunza upigaji picha kwetu hapa Kisumu, nikiwaonyesha picha za Ulaya za karne ya 19, huuliza swali moja: watu walikuwa wapi? Walikuwepo. Kamera ndiyo haikuweza kuwashika. Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, kutoka dirishani. Lenzi ilikaa wazi dakika kadhaa, na magari ya farasi na wapita njia wakafutika wote. Akabaki mtu mmoja, chini kushoto, ametulia mguu juu huku akipigiwa viatu rangi. Mzibe kwa kidole, utaona jicho lako linavyokosa pa kutua.

Kwa hiyo usiseme picha ni tupu kabla hujauliza ilichukua muda gani. Mpiga picha wa uwanja hakuweza kutegemea watu. Alitegemea visivyotikisika: nguzo, ngazi, mawe ya barabara, vivuli. Na zaidi ya yote alitegemea mahali alipoisimamisha kamera.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kuipindua picha, juu iwe chini. Wenye kamera kubwa za miguu mitatu walijifunika kitambaa cheusi, wakauona uwanja umepinduka kwenye kioo chenye ukungu, nao waliupanga hivyo hivyo. Ukiipindua, kanisa na sanamu hukoma kuwa kanisa na sanamu. Unaanza kuona uzito: giza limelala wapi, mwanga umekatia wapi, mstari gani unakuvuta ndani. Usiharakishe kuirudisha. Nimeona wanafunzi waliokuwa kimya wakianza kubishana hapo.

Anga nayo isikusumbue. Dawa za wakati ule ziliitikia sana rangi ya buluu, basi anga likatoka jeupe na mapaa yakaonekana kana kwamba yamekatwa kwa makasi. Fuata ukingo huo kwa jicho, kuanzia upande mmoja wa picha hadi mwingine. Mara nyingi ndio umebeba picha nzima.

Sasa tazama picha ya William Henry Fox Talbot, mwanzilishi mwingine wa upigaji picha, Mwingereza: uwanja wa Trafalgar Square, London, Aprili 1844. Sanamu ya Nelson, shujaa wa vita vya majini wa Uingereza, ilikuwa imeshapandishwa juu ya nguzo mwaka uliotangulia. Talbot akaiacha nje! Fremu yake imelala, ilhali nguzo ndefu namna ile inadai fremu ya wima. Aliikata nguzo, akabaki na sehemu ya chini: miti ya mafundi, uzio wa mbao uliobandikwa mabango, na nyuma yake kanisa la St Martin-in-the-Fields. Simba wa shaba wanaojulikana leo waliwekwa 1867, kwa hiyo mbele yako ni uwanja ambao bado unajengwa. Kwangu mimi huo ni ujasiri mkubwa wa mpangilio. Shujaa yuko nje ya picha, kazi iko ndani. Ukitazama picha yoyote ya aina hii, uliza pia mpiga picha alikataa kuonyesha nini.

Jambo jingine dogo: kuanzia 1851 ilipokuja njia ya kolodioni (dawa ya majimaji inayonata), kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, hema la giza likiwa karibu. Kwa kazi kama hiyo hupigi ovyo. Unachagua mahali kwanza.

Ufanye hivyo nawe. Nenda kwenye mnara wa saa, Oginga Odinga Street, asubuhi na mapema kabla bodaboda hazijajaa. Simu iache mfukoni mpaka uwe umezunguka pande zote na kuamua utasimama wapi. Piga picha moja yenye mnara mzima, na nyingine umeukata kwa juu, kisha umwonyeshe mwenzako zote mbili akuambie ipi inamwonyesha Kisumu zaidi, na kwa nini.