Mbuzi wanne wa mama na kodi ya sola

Mhariri, wiki hii mmeuliza serikali itoe ruzuku gani ili Wakenya wengi zaidi watumie sola. Kwetu Bamba, Kilifi, hatukuomba ruzuku. Tuliomba sheria itulie. Mwaka 2013 vifaa vya sola vilitozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, 2014 vikasamehewa, katikati ya 2020 vikatozwa tena, Julai 2021 vikasamehewa. Mtu wa kijijini apange vipi?

Juni 2020 mama yangu alikwenda Mariakani kuulizia bei. Paneli, betri ya sola, kontrola ya kuilinda betri na taa nne: shilingi 23,000. Akarudi nyumbani, akauza mbuzi wanne. Kumpata mnunuzi wakati ule wa korona kulichukua wiki tatu, na alipofika dukani Julai akaambiwa 26,200, VAT ya asilimia 14 imeingia. Zile 3,200 hakuwa nazo. Muuzaji akamwambia, "Mama, usirudi mikono mitupu. Chukua hii betri ya gari, kazi ni ile ile."

Kazi si ile ile. Betri ya gari imeundwa itoe moto mwingi kwa sekunde chache gari liwake, kisha ijazwe papo hapo. Ukiinyonya usiku kucha, inakufa. Kufikia Novemba taa zilikuwa zikiwashwa saa moja, saa mbili zimefifia, ugali bado uko jikoni. Krismasi tulikula kwa koroboi, na mafuta ya taa nayo yalikuwa yameongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita tangu 2018. Betri ile sasa inazuia mlango usipigwe na upepo. Nilipomwambia mama kwamba msamaha wa kodi umerudi, alisema hauzi mbuzi tena.

Nilianza kuandika nikitaka kusema serikali ikae kando kabisa. Siwezi. Tangu 2012 kanuni zinataka fundi wa sola awe na leseni. Aliyetufungia alikuja na bodaboda, akaiona betri ile, akaiunganisha. Hakuna aliyemuuliza leseni, hata mimi. Fundi anayeijua kazi yake angeikataa.

Basi serikali iingie zaidi: ikague maduka ya miji midogo, ikague mafundi. Hata ruzuku itoe, angalau ya betri, maana ndiyo inayokufa kwanza. Lakini kama bajeti ya mwaka unaofuata itaiondoa, heri isiitoe.