Mto "umefungwa kwa uvuvi"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri habari hapa Dodoma. Juzi nilipewa habari ya Marekani kuhusu mto ambao sehemu yake imezuiwa kuvuliwa, kwa sababu watu wanawachoma samaki aina ya samoni kwa ndoano tupu badala ya kungoja wale chambo. Nikaandika: "Kipande cha mto kimefungwa kwa uvuvi kutokana na kunasa samaki kinyume cha sheria." Mhariri ameikataa sentensi nzima bila kunieleza kosa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Mhariri wako ana haki, ila "kipande" nitakitetea. Tunasema kipande cha barabara, na wewe uliye Dodoma umesikia mara nyingi reli ya kisasa ikitajwa kwa vipande, kikiwemo kile cha Morogoro hadi Makutupora. Mto nao unaweza kuwa na kipande, mradi utaje kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Tatizo la kwanza ni "kwa". Mlango umefungwa kwa kufuli, mzigo umefungwa kwa kamba. Msomaji akikutana na "mto umefungwa kwa uvuvi", sikio lake linaupokea uvuvi kama ile kufuli. Wengi wakiliona hilo hukimbilia "kwa ajili ya", na hapo ndipo wanapoharibu zaidi. Barabara ikifungwa kwa ajili ya matengenezo, maana yake imefungwa ili matengenezo yafanyike. Basi mto uliofungwa kwa ajili ya uvuvi umefungwa ili watu wavue! Uache mto, ushike uvuvi: "uvuvi umepigwa marufuku katika kipande cha mto kati ya mahali fulani na mahali fulani."

Sisemi kwamba maji hayafungwi. Pwani ya kusini, Songosongo kwa mfano, wavuvi hufunga miamba ili pweza wakue, na hakuna anayeuliza imefungwa kwa nini. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na wengi walisema ziwa "limepumzishwa". Nalipenda sana neno hilo. Linampa samaki nafasi ya kuzaliana na halimlaumu mtu. Kwa sababu hiyo hiyo usilitumie katika habari yako. Huko mto haukuchoka. Kuna watu wamefanya kosa, na kitenzi kiseme hivyo.

Sasa "kunasa", ambako ndiko kwenye kiini cha habari. Mtego hunasa, wavu wa jarife hunasa. Mnyama au samaki anakwenda zake, anakutana na kitu kilichotegwa, ananasa. Mtegaji anaweza kuwa nyumbani amelala. Tena wavuvi wa bwawa la Mtera hunasa samaki kwa nyavu halali kila siku, na sentensi yako inawatia hatiani bure.

Kinachofanyika katika mto ule ni kingine kabisa. Samoni wa Pasifiki akitoka baharini na kupanda mto kwenda kutaga, huacha kula. Hapo wanasongamana kwa wingi kwenye maji machache, na chambo hawakitamani. Mtu asiye na subira hutupa ndoano nzito yenye ncha tatu, huivuta kwa nguvu katikati ya kundi, nayo humchoma samaki ubavuni, mgongoni au mkiani. Mvuvi wa mshipi husema "amekula" samaki anapoishika ndoano mwenyewe kwa mdomo. Samoni huyu hakula kitu. Tofauti hiyo ndiyo sheria za huko zinayoiangalia, na mahali pengi samaki aliyechomwa nje ya mdomo lazima arudishwe majini.

Tunalo neno linalokaribia. Ile fimbo yenye panda ambayo watoto huvutia tawi la mbuyu au mkwaju wapate kuangua matunda huitwa ngoe, na kitenzi chake ni kungoeka. Tunda halimfuati mtu. Ngoe ndiyo inayolifuata. Kwa samaki bado hatujalizoea, lakini naona linafaa kuliko kunasa, ilimradi ulieleze mara ya kwanza.

"Kinyume cha sheria" nayo imekaa vibaya. Ukiibandika kwenye kunasa samaki, msomaji ataanza kutafuta kunasa kwingine kulikoruhusiwa. Tunao "uvuvi haramu", unaoeleweka kuanzia Mtera hadi Mwanza.

Mimi ningeandika: "Uvuvi umepigwa marufuku katika kipande cha mto kati ya daraja na maporomoko, baada ya kukithiri kwa uvuvi haramu wa kungoeka samaki, yaani kuwachoma mwilini kwa ndoano tupu zinazovutwa majini." Daraja na maporomoko nimeviweka kama mfano, weka majina yaliyomo kwenye habari yako.

Na kama habari hiyo ina kibao cha kutafsiri, usiandike "Usivue hapa" peke yake. Kando ya mto watu huoga pia, na kuvua ni nguo vilevile. Andika "Usivue samaki hapa".