Re: Kipimo cha mishipa ya fahamu, majibu mawili tofauti

Mkuu usipaniki, kupimwa hospitali mbili hapa Dar ukapata namba tofauti haimaanishi mmoja kakudanganya, hicho kipimo cha kupitisha umeme kwenye mishipa ya fahamu kinategemea sana mkono wa anayepima. Akibandika elektrodi (vile vibandiko vya kunasa umeme) pembeni kidogo ya msuli, ukubwa wa wimbi la umeme linalosomwa unabadilika, akikosea kupima umbali na tepu pale kwenye kiwiko, spidi ya umeme kwenye mshipa nayo inahama, halafu kuna hizi AC, we umetoka juani Kariakoo mwingine kakulaza kwenye baridi nusu saa, na mkono ukipoa digrii 1 tu spidi inashuka kama mita 2 kwa sekunde. Ukubwa wa wimbi ndo unayumba zaidi, spidi afadhali. Ukirudia nenda kwa yuleyule wa kwanza, na joto la mkono aliandike.